Mwanga Juu ya Mabega

Jumatano, 5 Februari 2025

Nimeshuka ziwani peke yangu. Jiwe bapa lipo palepale, ila maji yamepanda tena, yanalilamba. Nimeingia mpaka shingoni. Nikasimama.

Haikunoga.

Nijieleze vizuri, ingawa hakuna anayesoma. Mazoea ya chaki — miaka yote ile ya kufundisha baiolojia, siwezi kuwaza jambo bila kulieleza. Dawa za saratani zilipoisha mwaka jana, pua ya mke wangu Rozalia ilibadilika. Maji ya bomba yakamnukia kutu. Ya ndoo, plastiki. Maziwa ya ziwa letu tu — nimeandika "maziwa", mkono umechoka — maji ya ziwa tu ndiyo hayakumnukia kitu. Basi kila alfajiri tukawa tunashuka wote wawili hapa chini ya nyumba, yeye na kanga kifuani, mimi na kaptula ya zamani. Hatuogelei. Tunasimama tu, maji shingoni, mpaka jua litoke nyuma yetu na kuipaka rangi milima ya Kongo ng'ambo. Hapo ndipo tunapanda kunywa chai.

Jirani yangu Zubery, fundi wa mashine za boti, Mwujiji wa kuzaliwa aliyeletwa huku kwetu Bangwe na ndoa, alitucheka tangu siku ya kwanza. Eti wazee wakioga pamoja, samaki huhama.

Sasa Rozalia yuko Dar kwa binti yetu Winfrida, anasubiri kipimo. Nilitaka kwenda naye. Akakataa. Alisema anayesafiri kwa jambo kubwa lazima aache mtu kwenye jiwe, la sivyo atarudi kwa nani? Nikasema hiyo si sayansi. Akasema ndiyo maana hakuniuliza kama mwalimu.

Jumapili, 9 Februari

Amepiga baada ya misa. Sauti yake iko vizuri. Mimi nilizungumza mno, kama kawaida.

Analalamika joto. Maji ya bomba kule ni ya kunyonyolea kuku, amesema. Nikamuuliza sasa unaogaje? Akasema amepata njia yake, nisijali. Akauliza kama maji yamefika kwenye mkunazi wetu wa ufukweni. Bado, nikamwambia. Akauliza naingia saa ngapi. Saa yetu ileile, gizagiza. Akasema, "Mimi huku jua limeshatoka saa hiyo, Mwalimu. Lakini nafumba macho."

Ni kweli. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na Dar iko mashariki yetu sana. Jua linampitia yeye kwanza, halafu ndipo linifikie mimi, karibu dakika arobaini baadaye. Nilifundisha hesabu hiyo nilipokuwa nashika na jiografia. Sikuwahi kudhani itaniuma.

Kipimo ni Jumanne. Nimemweleza jinsi kinavyofanya kazi. Akasema Winfrida ameshamweleza kwa maneno machache zaidi. Nayaandika hapa basi, karatasi haina haraka.

Mgonjwa hali kitu asubuhi. Anachomwa sindano ya sukari iliyofungwa alama ya mionzi, alama inayokufa yenyewe baada ya saa chache. Anapumzika kitandani bila kusema, bila hata kutafuna, maana msuli ukifanya kazi unakula sukari. Kisha mashine inampiga picha mwili mzima. Penye ulaji mkubwa wa sukari panawaka. Ubongo huwaka siku zote, ni mlafi. Kibofu huwaka, kwa kuwa mabaki hupitia huko. Moyo ni kigeugeu: leo unawaka, kesho hauwaki. Na saratani huwaka, kwa sababu chembe zake zinakula kama nzige.

Saratani yake ilikuwa ya tezi: shingoni na kifuani. Kama imekwisha, hapo patakuwa giza. Tunaomba giza. Ajabu ya kuomba.

Jumanne, 11 Februari

Kimefanyika. Amesema tu chumba cha kusubiria kilikuwa na kiyoyozi kikali na kitanda kilikuwa chembamba kama ubao wa mtumbwi. Amechoka. Majibu Ijumaa.

Mwanne, mke wa Zubery, ameleta ugali wa muhogo na samaki, migebuka miwili. Nimekula mmoja. Wa pili nimeufunika, kama vile mtu angekuja.

Ijumaa, 14 Februari

Winfrida alipiga mchana. Shikamoo baba — na baada ya marahaba hakuendelea. Nikajua.

Pamewaka.

Shingo, pande zote mbili. Juu ya mabega, pande zote mbili. Kandokando ya uti wa mgongo. Na doa moja kati ya kifua. Amenitumia picha aliyoipiga kwenye kompyuta ya daktari. Nimeitazama mpaka macho yakatoa maji. Mwili wa mke wangu, mweusi, kama umechorwa kwa mkaa, na mabegani kama mtu aliyevishwa shali la moto.

Kilio cha Winfrida sikukijibu vizuri. Nilimwuliza maswali ya kitaalamu. Maskini, alitaka baba.

Baadaye daktari mwenyewe alizungumza nami, simu ikiwa kwenye spika ili Rozalia asikie. Kijana, sauti taratibu, hana majivuno. Amesema kuna mambo mawili. La kwanza: ugonjwa umerudi. Ikiwa hivyo, Rozalia abaki Dar, waanze dawa kali kuliko zile za mwanzo, miezi mingi. La pili: huenda sehemu kubwa ya mwanga ule si saratani kabisa. Ni mafuta ya kahawia.

Nilikaa kitako.

Mafuta ya kahawia! Nilikuwa nayafundisha kwa dakika tano, mwisho wa mada ya joto la mwili. Mafuta meupe ni ghala: yanaweka akiba. Ya kahawia ni jiko: yanachoma. Yamejaa vinu vidogo vya nishati, na chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachoyapa rangi. Baridi ikiingia, yanawashwa, yanakula sukari, yanatoa joto. Vitabu vyetu vilisema ni ya watoto wachanga na wanyama wanaolala msimu wa baridi. Mtu mzima hana. Daktari amesema hivyo ndivyo wote walivyoamini, mpaka mashine hizi zilipoanza kuwapiga picha wagonjwa wa saratani, wakakuta mabega yanawaka na ugonjwa haupo. Kumbe baadhi yetu tunazeeka nayo.

Dalili njema ni kwamba shingo na mabega vimewaka sawasawa, kulia kama kushoto. Saratani haina adabu hiyo. Dalili mbaya ni mbili. Mafuta hayo huonekana zaidi kwa vijana. Kwa mama wa miaka hamsini na tisa, na katika joto la Dar, ni nadra. Na lile doa la kifuani liko peke yake, palepale ugonjwa ulipoanzia.

Nikamwuliza angefanya nini kama ni mama yake. Akasema asingemkata kifua mtu kuchukua kinyama cha kupima kwa sababu ya joto lake mwenyewe, kabla ya kuhakikisha. Atarudia kipimo mwisho wa mwezi, akiwa amepashwa joto vizuri. Mafuta ya kahawia yakipata joto hulala. Saratani hailali.

Kisha akauliza kama mama amepata baridi ya aina yoyote siku za karibuni.

Rozalia akasema hapana.

Alisema haraka mno. Nimeishi naye muda mrefu, namjua anapojibu haraka.

Jumamosi, 15 Februari

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapiga kabla Winfrida hajaenda kazini, nikamwomba anipe mama yake, na yeye atoke nje.

Nikamwuliza Rozalia ile njia yake ya kuoga ni njia gani.

Akacheka. Halafu hakucheka. Akaniambia.

Kila jioni anajaza maji kwenye chupa za soda na kuziweka kwenye friji ya Winfrida, juu kabisa, panapogandisha. Alfajiri anazipasua kwa kisu, barafu yote ndani ya beseni kubwa la kufulia, anaongeza maji. Anakaa humo. Anajimwagia shingoni na mabegani kwa kata mpaka meno yagongane. Saa yetu ileile. Tangu siku ya pili ya kufika. Na siku ya kipimo pia — siku hiyo alikaa muda mrefu zaidi, kwa sababu alikuwa na hofu. Kutoka hapo kwenye gari la kukodi, kutoka kwenye gari kwenye kile chumba cha kiyoyozi, na kanga moja nyepesi.

Winfrida alidhani barafu ni ya kunywa.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akasema angejibu nini? Kwamba mwanamke mzima anakaa kwenye beseni na barafu kwa sababu amemkumbuka mume wake? Mbele ya mtoto, na simu iko kwenye spika?

Nikasema tu, nimeelewa. Mimi!

Ziwa letu halina barafu. Wageni husema ni vuguvugu. Lakini simama humo mpaka shingoni, upepo ukivuma, miezi na miezi, na mwili unajifunza. Halafu mchukue mtu huyo, mwembamba vile, umtie kwenye beseni la barafu kila alfajiri. Inaleta maana. Inaleta maana kabisa. Nimeandika "kabisa" na nikasimama kuitazama. Maelezo ni dawa ya anayeeleza. Nisijinyweshe kupita kiasi. Bado lile doa la kifuani.

Nimempigia daktari mwenyewe na kumweleza, kwa idhini ya Rozalia. Hakucheka. Amesema ameshukuru, jambo hilo linabadilisha uzito wa mizani, ila halimalizi. Akatoa amri: tangu leo hakuna maji baridi, hakuna kiyoyozi, ajifunike hata akitoka jasho. Siku ya kipimo atampa na kidonge cha kuyatuliza mafuta hayo.

Jumapili, 16 Februari

Rozalia amegoma. Tangu nimuoe hajawahi kugoma kwa upole namna hii, ndiyo maana nimeogopa.

Amesema siku kumi au kumi na mbili bila kuoga hivyo hataziweza. Si ubishi. Amesema kule Dar kila kitu ni cha Winfrida: kitanda, vyombo, saa ya kula. Lile beseni ndilo lake. Akiwa humo anajua mimi niko wapi. Akitoka hajui.

"Mimi si mgonjwa nikiwa mle ndani," amesema.

Nilianza kumweleza habari ya mishipa ya fahamu na jinsi inavyowasha mafuta. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, kwa Kiha, kwamba hakupiga simu shuleni.

Nimefikiri siku nzima. Jioni nimempigia na shauri langu. Saa ibaki ileile. Maji tuyaache, wote wawili. Yeye kule, mimi huku. Badala yake uji wa moto. Yeye avae sweta la Winfrida, mimi nivae langu la kijivu alilonifumia. Anywe, ninywe. Nikiwa juu ya jiwe, mkavu.

Nikadhani mtandao umekata.

"Sweta, Mwalimu? Februari?"

Sweta, nikasema.

"Utaonekana kichaa."

Nikamwambia afumbe macho na aitazame sura ya Zubery. Hapo akacheka kweli, mpaka akakohoa. Amekubali.

Alhamisi, 20 Februari

Siku ya nne ya uji. Nimekaa juu ya jiwe na termosi, sweta limefungwa hadi kidevuni. Jasho linanitiririka mgongoni hata kabla ya jua. Maji yako hapo, hatua moja, yametulia, na mimi nayatazama kama mlevi aliyeapa mbele ya duka la pombe.

Zubery alitokea na mashine begani. Akasimama. Akaitua mashine chini, taratibu, kama mtu aliyekuta nyoka.

Akaniuliza kama nina malaria. Sina. Akauliza kama nimeokoka na ndugu zangu wapya wamekataza maji. Hapana. Basi, akasema, ni mapenzi, na hiyo haina dawa hata Muhimbili. Alisema bata akipotewa na mwenzake huacha kuogelea. Alikuwa hajui kwamba huvaa na sweta.

Nikamweleza yote. Sukari, mionzi, mafuta, barafu. Alisikiliza amechuchumaa. Fundi ni msikilizaji mzuri, anasikiliza kama anatafuta ufa. Mwisho akasema: kwa hiyo mashine imechemka kwa sababu imelazimishwa, si kwa sababu imekufa. Nikasema ndivyo tunavyotumaini. Akasema mashine ya boti pia, ukiona moshi usifungue kichwa chake siku hiyohiyo. Acha ipoe. Nikamwambia hii yetu tunaiacha ipate joto. Akasema haya, na ya kwetu na ya kwenu, yote ni kusubiri.

Akaomba uji. Nikampa kwenye kifuniko.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua tangu usiku. Nimekunywa uji chini ya mwavuli. Rozalia amecheka nilipomwambia.

Anatii. Winfrida amethibitisha: friji imebaki na samaki tu. Ila amesema mama amepoa. Anakaa kimya na sweta lake. Zamani alikuwa anatoka bafuni anaimba.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Kama daktari yuko sahihi, basi tunaufundisha mwili wake kuacha kunitafuta, ili tupate kuona kama ni mzima. Na kama hayuko sahihi, tumemnyima beseni lake bure.

Sijamwambia hivyo. Nimeyaandika hapa, nikaona yanatosha.

Mwanne alikuja usiku kuanua dagaa mvua ilipoanza. Zake na za Rozalia wanaanika pamoja, chanja moja. Amesema nusu ya Rozalia anaitenga kila siku, na itakuwa hivyohivyo mpaka arudi. Hakusema "akirudi". Nimemshukuru moyoni kwa herufi hizo chache.

Jumatano, 26 Februari

Kesho.

Leo haruhusiwi wanga. Mha bila ugali! Amesema amekula samaki mtupu kama paka. Kesho hata uji hakuna, maji ya moto tu. Nami nitakunywa maji ya moto. Amesema si lazima. Nimesema najua.

Kabla ya kukata simu aliniuliza kitu ambacho hajawahi kuuliza tangu ugonjwa uanze. Ikiwa ni lile la kwanza — hakulitaja — je, nitaendelea kukaa kwenye jiwe?

Nikasema ndiyo. Nikatafuta la kuongeza, la kueleza. Sikupata. Akasema, "Basi, hiyo inatosha, baba Wini. Kalale."

Alhamisi, 27 Februari

Naandikia hapahapa kwenye jiwe, daftari kwenye goti. Mwezi haupo angani, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa majini; nimewakuta wanazima taa zao mojamoja wakirudi.

Alipiga alfajiri kutoka kwenye gari. Amevaa sweta, soksi, kilemba cha sufi, na Winfrida amemzungushia blanketi. Dereva amefungua vioo vyote na kumtazama kama mchawi. Yeye alikuwa kwenye jua tayari. Mimi gizani. Nikasikia honi za Dar, naye bila shaka akasikia mawimbi, maana aliacha kuongea ili asikilize.

Akaniuliza maji yakoje. Nikamwambia sijayagusa, si tulipatana? Akasema yagusie mkono tu, uniambie. Nikainama. Nikamwambia: kama yale ya siku ya kwanza. Akasema ahaa.

Halafu sindano, na kimya. Haruhusiwi kusema. Tangu hapo nimekaa hapa. Jua limenifikia, limevuka, milima ya Kongo imekuwa bluu na kisha haionekani kwa mvuke. Sweta sijalivua. Zubery alipita, hakutania. Alikaa nami kidogo, akaangalia maji, akaenda.

Winfrida ameandika: picha zimetoka. Daktari ametoka nje kuzungumza na mwenzake kuhusu jambo moja. Mama analala, ana joto, hana shida. Amepiga picha ya kompyuta, anaituma.

Imefika nusu. Mtandao wa hapa chini ni dhaifu. Ningepanda nyumbani ungekuwa bora, lakini siwezi kuinuka. Picha ni ukungu na duara dogo linazunguka katikati. Nimeiinamia, nimeifunika kivuli kwa kilemba cha zamani cha Rozalia nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kichwa kinawaka: ubongo. Chini kabisa panawaka: kibofu. Vizuri. Hivyo vinaruhusiwa.

Shingo — giza. Mabega — giza! Kulia giza, kushoto giza. Shali la moto limevuliwa. Nimelitazama mara ya pili, mara ya tatu. Giza zuri.

Kifuani kuna kitu. Kwenye ukungu huu sioni kingo zake. Kinang'aa, kwa kiasi. Kimelalia kushoto kidogo. Au ni mimi ninayekisogeza kushoto kwa macho.

Moyo ni kigeugeu, niliandika mwenyewe huko juu. Leo unawaka, kesho hauwaki. Mara ile haukuwaka. Inawezekana leo umewaka. Umbo lake lingekuwa kama kikombe, limefunguka upande mmoja. Nikiona kikombe, ni moyo. Nikiona punje —

Duara linazunguka. Nimeshikilia simu juu, upande wa maji, kama ninamwonyesha ziwa.